Kwa nini kompyuta ya maabara ilikataa flashi yangu, na jinsi nilivyofuta kazi za watu kumi na wanne

Najua nimepotea hewani wiki tatu nzima, na kuna watu walikuwa wananisimamisha koridoni kuniuliza kama blogu imekufa. Haijafa. Nilikuwa naona aibu tu. Wale wa darasani kwetu mnajua kwa nini, na wengine mmesikia nusu nusu kantini, kwa hiyo leo naweka mambo yote hapa. Halafu nitawapeleka kwenye historia kidogo, maana mimi ni mtu wa Historia na Kiswahili bwana, nikipatwa na tatizo dawa yangu ni kutafuta lilianzia wapi.

Ilikuwa hivi. Mashine za maabara yetu ni za zamani na zinatumia Linux, maana Windows za siku hizi haziziwezi. Kila mwanafunzi anaingia kwa akaunti ya kawaida. Unachapa kazi yako, unaingia intaneti, hakuna shida. Ila ukichomeka flashi kinatokea kisanduku kinachosema huna ruhusa, weka paswedi ya msimamizi. Basi unainuka unakwenda dirishani kwa mzee wa maabara. "Shikamoo mzee, naomba unifungulie flashi." "Marahaba, nakuja." Anakuja, anakupa mgongo, anaandika paswedi, flashi inafunguka. Hajakaa kitini mwingine anaita. Zile siku za mwisho za kukusanya azimio la kazi na maandalio ya somo kabla ya TP, yule mzee alikuwa hapati hata nafasi ya kunywa chai.

Akachoka. Siku moja tukakuta paswedi imeandikwa kwenye karatasi na kubandikwa ukutani juu ya swichi ya taa. Chini yake kwa wino mwekundu: YA FLASHI TU.

Tulishangilia jamani. CR wetu alipiga makofi kabisa. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba paswedi ile haikuwa ya flashi tu. Ilikuwa ya kila kitu.

Ijumaa moja jioni rafiki yangu alileta flashi yenye kile kirusi kinachogeuza mafolda yote kuwa shotikati. Mimi nikajifanya mjuaji. Nikaenda mtandaoni, nikakuta amri ya kuandika sifuri kwenye flashi yote mpaka isafishike, nikainakili kama desa. Amri inaitwa dd. Mwisho wake unataja jina la diski, na mtu aliyeiandika alikuwa ametaja sdb, maana kwake flashi ilikuwa sdb. Kwenye ile kompyuta ya kona, sdb ni diski ya pili ya ndani, ile ambayo darasa zima tulikuwa tunahifadhi kazi. Flashi ilikuwa sdc. Nikaweka paswedi ya ukutani, nikabonyeza, nikasubiri. Kompyuta haikuuliza kitu. Ukiwa na paswedi ile, wewe ndiye bwana mkubwa, nani akuulize?

Kazi za watu kumi na wanne. Wengine walikuwa na nakala, tisa hawakuwa nayo. Dada mmoja (simtaji, anajijua) alikaa chini pale pale sakafuni.

Sasa, baada ya kuomba radhi mpaka sauti ikakauka, nilibaki na swali moja. Kwa nini kufungua flashi tu kulihitaji nguvu zote zile? Kwa nini hapakuwa na kitu cha katikati, kati ya kumwita mzee kila dakika na kuwapa wanafunzi ufunguo wa nyumba nzima? Nilidhani ni roho mbaya ya watu wa kompyuta. Nikaanza kusoma, na wiki tatu hizi ndizo nilizozimaliza huko. Kumbe swali hili lina zaidi ya miaka hamsini.

Turudi Murray Hill, New Jersey, Marekani, kwenye maabara za Bell. Huko ndiko Ken Thompson na Dennis Ritchie walikotengeneza Unix, kuanzia mwaka 1969. Linux ni kama mjukuu wa Unix kwa tabia, ingawa Linus Torvalds aliiandika upya kwao Helsinki kuanzia 1991. Kwenye Unix, diski unayoileta kutoka nje haiji na herufi yake kama E au F tulivyozoea kwenye Windows. Mfumo mzima ni mti mmoja, na diski mpya unaipachika kwenye tawi mojawapo. Kuanzia hapo ukiingia kwenye tawi lile unaona vilivyomo ndani ya diski. Amri yake ni mount. Mimi nitasema kupachika.

Kitabu cha kwanza cha maelekezo ya Unix kina tarehe 3 Novemba 1971, na mount imo. Kila ukurasa wa kitabu kile una sehemu ya kukiri kasoro, kitu ambacho natamani wahadhiri wangeweka kwenye handauti zao. Kwenye ukurasa wa mount kasoro ni mbili: unaweza kupachika diski moja tu ya kuchomoka kwa wakati mmoja, na matumizi yake yangepaswa kuwa ya mtumiaji mkuu peke yake. Soma tena hiyo ya pili. Maana yake mwanzoni kabisa mtu yeyote aliweza kupachika, na wenyewe walikwisha kuona kwamba ni hatari. Yaani geti lilikuwa wazi kwanza, kufuli likaja baadaye, na sababu ilikuwepo.

Sababu yenyewe inatokana na kitu kingine kilichobuniwa na Dennis Ritchie, kinaitwa setuid. Fikiria unataka kubadilisha paswedi yako. Paswedi zote zinakaa kwenye faili ambalo mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kuliandika, la sivyo tungebadilishiana paswedi kila siku. Utabadilishaje ya kwako basi? Ritchie aliweka alama kwenye faili la programu: programu yenye alama hii, yeyote atakayeiwasha, itafanya kazi kwa mamlaka ya mwenye faili, siyo ya aliyeiwasha. Ni kama yule karani wa dirishani aliyekabidhiwa muhuri wa Msajili. Wewe hupewi muhuri, unampa karani fomu, yeye anagonga, na anagonga fomu za aina moja tu. Bell waliombea hataza ubunifu huo mwaka 1973 na ikatolewa 1979, namba 4,135,240. Mimi nilidhani hataza ni za mashine na dawa, kumbe hata alama moja kwenye faili inapata hataza!

Sasa unganisha hayo mawili. Mwenye faili ni nani? Jibu limeandikwa kwenye diski yenyewe. Kompyuta ikipachika diski ya Unix inasoma humo humo: faili hili ni la mtumiaji namba fulani, lina alama ya setuid au halina. Na mtumiaji mkuu, anayeitwa root, namba yake ni sifuri siku zote, kwenye kila mashine. Hivyo mimi naweza kukaa hosteli na laptopu yangu ambayo ni mkuu wake, nikaandika kwenye flashi programu ya kufungua dirisha la amri, nikaipa mwenyewe namba sifuri, nikaiwekea alama ya setuid. Nikija maabara, kompyuta ikaipachika flashi bila kuuliza, nikiwasha programu ile tu nimekuwa mkuu wa maabara. Ni sawa na mgeni kuja getini na kitambulisho alichojichapia steshenari kimeandikwa Makamu Mkuu wa Chuo, na mlinzi anapiga saluti kwa sababu kitambulisho kimesema hivyo.

Hapo ndipo nilipoacha kumlaumu yule mzee.

Na kuna hatari nyingine. Ukiruhusiwa kupachika popote, unapachika flashi juu ya saraka ya /etc. Vilivyokuwamo vinafunikwa (hata kitabu kile cha 1971 kinaeleza kwamba vya chini havifikiki diski ikiwa juu yake), na faili la paswedi linalosomwa sasa ni la kwako. Tena diski inaweza kuja na faili za vifaa, ambazo ni milango ya moja kwa moja kwenye mashine. Na hata pasipo ujanja wowote, anayesoma mpangilio wa diski kwa kawaida ni kerneli, kiini cha mfumo, kwa hiyo diski iliyoharibiwa makusudi inaweza kumwangusha yule yule anayeisoma. (Flashi zetu nyingi ni za FAT, mpangilio wa enzi za DOS usiokuwa na habari za mwenye faili kabisa. Lakini mwizi ndiye anayechagua aje na diski ya aina gani, siyo wewe.)

Basi kwa miaka mingi kanuni ikawa hiyo, kupachika ni kazi ya root. Chumba cha mashine kilikuwa na watu wake na diski zilikuwa zao, nani angelalamika? Shida ilianza kompyuta ziliposhuka mezani kwa watu wa kawaida wenye flopi mifukoni. Kuna waliozunguka tatizo: mtools ilikuwa mkusanyiko wa amri zilizosoma flopi ya DOS bila kuipachika. Unanakili faili lako, unaondoka. Sun waliweka kwenye Solaris yao mtumishi aitwaye vold, aliyekaa macho kupachika flopi na CD kwa niaba yako.

Kwenye Linux jibu la zamani liko ndani ya faili la fstab, orodha ya diski na mahali pa kuzipachika. Msimamizi anaandika mstari mmoja, kwa mfano flopi ipachikwe /floppy, na mwishoni anaongeza neno user. Neno hilo moja linasema mtumiaji yeyote anaweza kupachika diski hii, ila mahali hapa tu. Na ndani yake linabeba makatazo matatu ambayo huyaoni: nosuid, alama za setuid za diski hii zipuuzwe, nodev, faili za vifaa zipuuzwe, noexec, programu zilizomo zisiwashwe. Kile kitambulisho cha steshenari bado kinasomwa, lakini kile cheo hakihesabiki. Mimi naona hii ndiyo akili kubwa kuliko zote katika habari hii. Hakuna aliyepewa ufunguo. Kilichofanyika ni kuuliza kwamba hatari iko wapi hasa, kisha kuikata hiyo hiyo na kuliacha jambo lenyewe lipite.

Udhaifu wake ni kwamba msimamizi lazima ajue kifaa mapema. Flopi ilikuwa na mlango wake mmoja, daima mahali pale pale. Flashi zilipoingia sokoni mwaka 2000, za MB 8 tu (mnacheka, lakini azimio lako la kazi linaingia humo na nafasi inabaki), hakuna aliyejua mtu atachomeka ngapi na zitaitwaje. Leo sdb, kesho sdc. Kwenye mambo ya majina haya mimi sasa ni shahidi wa mahakamani.

Kuanzia 2003 na 2004 watu wa madawati ya Linux wakaamua kwamba haiwezekani mtu achomeke kamera halafu aanze kuhariri fstab. Havoc Pennington aliandika wazo la vifaa kufanya kazi vyenyewe, David Zeuthen akalijenga kwa jina la HAL, na Robert Love akaanzisha juhudi iliyoitwa Project Utopia. Martin Pitt alitengeneza pmount, kiprogramu cha kipindi cha Ubuntu za mwanzo ambacho ni karani mwenye muhuri, yaani setuid root, lakini mwenye masharti: anapachika vifaa vya kuchomoka tu, chini ya /media tu, siku zote kwa nosuid na nodev, na mwombaji awe kwenye kundi la plugdev. Wale kaka zetu waliosoma vyuo vya Afrika miaka ile wanazikumbuka zile CD za Ubuntu zilizokuja bure kwa posta mpaka 2011 huduma ile iliposimamishwa. Wengi wao waliona kwa mara ya kwanza humo Linux inayofungua flashi bila kukuomba kitu.

Wakati huo huo upande wa Windows hapakuwa na ubishi kama huu, flashi ilifunguka kwa kila mtu, na zaidi ya kufunguka, ilisikilizwa. Faili la autorun.inf lilielekeza kompyuta nini kiwashwe. Conficker, iliyozuka Novemba 2008, ilipata aina mpya mwezi uliofuata iliyosafiri kwa njia hiyo ya flashi. Windows 7 ya 2009 iliacha kuitii autorun ya flashi, na Februari 2011 Microsoft wakasambaza rekebisho kwa XP na Vista. Shotikati za flashi ya rafiki yangu ni wajukuu wa biashara ile. Wanasubiri ubofye wewe mwenyewe, kwa kuwa kompyuta haibofyi tena kwa niaba yao.

Sasa tufike kwenye kisa nilichokisoma mara tatu, maana nilijiona humo. Calibre ni programu ya kupanga vitabu vya kielektroniki, ya Kovid Goyal, programu nzuri na ya bure. Watumiaji wa Linux wakichomeka kisomeo cha vitabu, baadhi ya mashine hazikuwa na njia ya kukipachika bila root. Kwa hiyo calibre ikaja na karani wake mwenyewe, kiprogramu cha setuid root. Nia ilikuwa njema kabisa, kama ya mzee wetu na karatasi yake. Novemba 2011 Jason Donenfeld, ambaye baadaye alitengeneza WireGuard, alionyesha kwamba karani yule anakubali kupachika chochote popote, na kwa njia hiyo mtumiaji wa kawaida anakuwa root. Jibu la kwanza la mwenye programu lilikuwa la kejeli: programu iliyotengenezwa ili mtu apachike chochote, kosa lake ni kwamba inamruhusu apachike chochote? Halafu akarekebisha. Donenfeld akaweka njia mpya ya kuivunja. Ikarekebishwa tena, ikavunjwa tena. Waliendelea hivyo hadharani, kila kiraka na shimo lake, mpaka mwishowe karani akafukuzwa kazi, na calibre ikaanza kumwomba udisks afanye kazi ile.

Mimi namwelewa Goyal. Alikuwa na watu wanalalamika mlangoni kwamba vifaa vyao havifunguki, akawapa kitu kinachofungua. Lakini ile kejeli yake ndiyo hasa maandishi mekundu ya ukutani. Ya flashi tu! Kama kitu kinaweza kufungua chochote, kuandika "ya flashi tu" hakukipunguzii nguvu hata chembe.

Na udisks ni nani? Ni mrithi wa HAL, kuanzia 2010, naye ni kazi ya Zeuthen. Tofauti yake ni kwamba wewe huwashi tena programu yenye muhuri. Kuna mtumishi anayekaa nyuma akiwa na mamlaka, unamtumia ombi, naye kabla ya kutenda anamuuliza mwamuzi anayeitwa polkit: huyu anaruhusiwa hili? Polkit anaangalia mambo ambayo fstab haikuyajua. Je, mwombaji amekaa mbele ya mashine au ameingia kwa mtandao kutoka mbali? Kifaa ni cha kuchomoka au ni diski ya ndani? Kwa kawaida jibu ni kwamba aliyekaa mbele ya mashine apachike flashi bila paswedi, ila akigusa diski za ndani aulizwe. Mtu aliyekaa kitini anaweza kuwa na haki ambayo jina lake peke yake halimpi. Mimi nimelipenda hilo, ni kama mgeni wa mkutano: akiwa ukumbini anazungumza, akiwa nyumbani kwake hahesabiwi.

Siyo kwamba wote walikubali. OpenBSD, watu wakali sana wa usalama, walikuwa na swichi ya kuruhusu watumiaji wa kawaida kupachika. Kwenye toleo lao la 6.0 la Septemba 2016 waliing'oa kabisa. Kwao mount ni ya root, basi. Ukisoma yaliyofuata huwezi kuwacheka.

Kwa sababu Juni 2025 kampuni ya Qualys ilitangaza kosa lililopewa namba CVE-2025-6019, na ni lile lile la kitambulisho cha steshenari. Udisks, kama nilivyosema, hupachika flashi kwa nosuid na nodev. Lakini ana kazi nyingine, ya kubadilisha ukubwa wa mpangilio wa diski, na kazi hiyo anamwachia msaidizi wake, maktaba iitwayo libblockdev. Mpangilio wa XFS hauongezwi ukubwa mpaka uwe umepachikwa. Kwa hiyo libblockdev aliupachika kwa muda mfupi ndani ya /tmp, akaongeze, kisha auondoe. Kwenye kile kipachiko cha sekunde chache hakuandika nosuid wala nodev. Basi. Mtu akileta diski ya XFS yenye programu ya setuid, akaomba iongezwe ukubwa, akaishikilia isiondolewe, anawasha programu yake na amekuwa root. Na udisks imo kwenye karibu kila Linux ya mezani.

Ilitakiwa uwe umekaa mbele ya mashine kwanza, lakini Qualys walionyesha kosa la pili, CVE-2025-6018, kwenye openSUSE Leap 15 na SUSE Linux Enterprise 15, lililomfanya hata aliyeingia kutoka mbali ahesabiwe amekaa kitini. Yote mawili yamekwisha kuzibwa, mwenye Linux asasishe mashine yake. Mimi niliposoma ile habari nilikaa kimya. Tangu 1971 wanajua geti liko wapi na mlinzi anakagua nini, halafu kuna mlango wa jikoni ambao fundi aliufungua ili apitishe bomba.

Haya, turudi chuoni.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa mzee wa maabara na karatasi zangu, nikiwa nimejiandaa kufukuzwa. Shikamoo, marahaba, kimya. Nikamwuliza kwa nini mashine zetu zinadai paswedi wakati udisks kwa kawaida haidai. Akacheka, mara ya kwanza tangu ile Ijumaa. Akasema miaka ya nyuma flashi moja ilimletea balaa, akaandika kanuni kwamba kila kupachika kudai msimamizi. Halafu foleni ikamshinda, ndipo karatasi ikaja. "Nilifunga mlango wote," akasema, "kisha nikaufungua wote."

Paswedi alikwisha kuibadilisha siku ile ile. Karatasi haipo, imebaki alama ya gundi juu ya swichi. Tulikaa wote wawili (yeye akiandika, mimi nikisoma kwa sauti maelekezo niliyoyachapa) tukatengeneza kanuni mpya ya polkit, mistari isiyozidi kumi. Aliye kwenye kundi la wanafunzi, akiwa amekaa mbele ya mashine, akiomba kupachika kifaa cha kuchomoka, jibu ni ndiyo. Mengine yote, msimamizi. Kisha akasasisha kila mashine, na hiyo ndiyo ilichukua siku nzima kwa sababu ya intaneti yetu mnayoijua.

Tulipomaliza akaniambia niingie kwa akaunti yangu kwenye ile kompyuta ya kona. Flashi ilifunguka yenyewe, bila kisanduku. Nikataka kuinuka, akanishika bega.

"Bado. Andika ile amri yako."

"Mzee, ile ile?"

"Ile ile. Sdb."

Diski ile sasa ni mpya na haina kitu, lakini vidole vyangu vilitetemeka kama siku ya UE. Nikaandika, nikabonyeza. Mstari mmoja ukatokea: ruhusa imekataliwa. Akaniambia niandike tena, nikaandika tena, ikakataa tena. Akaenda zake kunywa chai.

Kati ya wale tisa tumeshachapa upya maandalio ya watu sita. Mimi nachapa usiku, wao wananisomea kutoka kwenye madaftari. Kesho zamu ya yule dada. Anasema ana kurasa thelathini na mbili na hatakubali nibadilishe hata nukta, kwa hiyo msinitafute.